Swali: Tyubu ya leza ya skana ya supermaketi, naweza kuiwasha na flaibeki ya TV?

Swali: Fundi, salamu kutoka Kakamega. Mimi ni mwalimu wa fizikia, nimepata tyubu ya leza ya heliamu na neoni iliyotoka kwa skana ya zamani ya supermaketi, nimeikuta kwa jamaa wa skrapu, urefu wake kama sentimita 15 na saplai yake haikuwepo. Niko na TV kuukuu ya Great Wall, skrini imekufa lakini flaibeki, ile transfoma yake ya volti za juu, bado inapiga. Naweza kuiwasha na hiyo? Kuna jirani ananiambia nichukue transfoma ya maikrowevu. Nataka kuwaonyesha kidato cha nne.

Jibu: Mwalimu, shikamoo ya fundi kwanza, halafu tuanze na ya jirani. Transfoma ya maikrowevu hapana, na nakuomba isifike hata mlango wa maabara yako. Ile kitu inatoa karibu volti 2,000 na ina nguvu ya kusukuma mamia ya miliampi, na makumi tu ya miliampi yakipita kifuani yanatosha kuua mtu. Na hata ukiweka roho kando, haikusaidii, kwa sababu volti 2,000 haziwashi hiyo tyubu.

Hii tyubu inataka vitu viwili tofauti, na hapo ndio watu wengi wanapotea. Kuwaka inataka volti nyingi, elfu 7 hadi elfu 10 hivi, kwa nukta tu. Ikishawaka, gesi inaanza kupitisha umeme na volti zinashuka ghafla hadi kama 1,300, kisha inataka miliampi 4 au 5 zilizotulia, si zaidi si chini. Na gesi ikishawaka ina tabia mbaya, kadiri mkondo unavyopanda volti zake zinashuka, kwa hivyo ukiiacha bila kizuizi inavuta na kuvuta mpaka kitu kiungue. Ni ile kazi choki inafanya kwa tyubulaiti ya jikoni. Kwa hivyo swali lako si volti ngapi, swali ni nani atashika mkondo.

Sasa flaibeki yako. Volti iko nazo, ya TV ndogo ya nyeusi na nyeupe inafika elfu 10 bila shida, lakini mkondo ndio hana, ilitengenezwa kulisha skrini ambayo inakula chini ya miliampi moja. Utaona tyubu inamweka inazima inamweka inazima, utafikiri tyubu ni mbovu kumbe ni njaa. Mimi singeihangaikia. Lakini hiyo TV usitupe, ile waya nene inayotoka kwa flaibeki kwenda kwa kikombe cha mpira kwenye kioo ni dhahabu, insuleshoni yake inavumilia volti ambazo waya ya kawaida ya nyumba inatoboka. Itumie upande wa anodi, yaani upande wa chanya wa tyubu. Toa chaji ya kioo kwanza kabla hujaikata, kioo cha TV kinakaa na chaji hata siku nyingi baada ya kuchomolewa.

Kile ningefanya mimi, natafuta saplai iliyofanywa kwa kazi hii, zile zinauzwa zimemiminiwa plastiki ngumu zinakaa kama tofali dogo. Kuna za kuingiza volti 12, na kwa vile stima yetu inajulikana hizo ndio nzuri, betri ya sola inaiendesha na darasa linaendelea. Soma lebo, volti za kazi ziwe zinafunika 1,300 pamoja na za balasti, ile rezista ya kushika mkondo, na mkondo ulingane na wa tyubu. Saplai ya miliampi 6.5 kwa tyubu ya 4 usiweke, ukizidisha mkondo mwanga hauongezeki, unapungua, na tyubu inazeeka haraka.

Balasti ni rezista ya kilo-omu 75 hivi, na saplai nyingine haziji nayo. Piga hesabu na wanafunzi, miliampi 5 kwa kilo-omu 75 ni volti 375, na joto lake ni karibu wati 1.9. Usitafute rezista moja ndogo, chomelea tano za kilo-omu 15 za wati moja moja kwa mstari, hapo joto linagawanyika na volti pia zinagawanyika zisiruke juu ya mwili wa rezista. Na zikae karibu kabisa na anodi, sentimita chache tu. Ukiweka balasti mbali halafu waya ndefu ifuate, ile waya inakuwa kapasita na tyubu inaanza kumwekamweka tena hata kama saplai ni nzuri.

Anodi ni ule upande mdogo wa chuma, kathodi ni upande ulioshikana na mkebe mrefu wa alumini unaouona ndani ya kioo. Chanya iende anodi, usijaribu kinyume hata kidogo tu uone, ukigeuza, chuma kinang'oka na kwenda kupaka kioo cha ndani kinachoakisi mwale na hakuna wa kukiosha.

Kupima mkondo usiguse upande wa volti za juu, multimita yako haikujengwa kwa elfu 8. Weka rezista ya kilo-omu 1 upande wa kathodi, kati ya kathodi na hasi ya saplai, ufunge multimita juu yake kabla ya kuwasha, halafu mikono mbali. Volti 5 ni miliampi 5. Ukitaka kubadilisha kitu unazima, unachomoa, unangoja, halafu unatoa chaji kwa rezista iliyofungwa kwa kijiti kikavu cha plastiki, maana hata tyubu yenyewe inabaki na chaji na inauma. Na kila kitu kikae ndani ya sanduku la plastiki lenye kifuniko, vijana wana mikono. Huko kwenu mvua ya alasiri haikosi, unyevu na vumbi juu ya kioo vinavujisha volti za juu, futa na spiriti na uache ikauke kabisa.

Lakini kabla hujatoa hata shilingi kwa saplai, angalia tyubu kwa jua. Nyingi ziko na doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia ndani ya glasi, hiyo ndio geta, dawa ya kunyonya hewa inayobaki ndani. Doa likiwa la fedha au jeusi kuna matumaini, likiwa jeupe kama maziwa hewa iliingia na hiyo tyubu ni pambo. Ukija kuiwasha, mwanga wa ndani uwe wa chungwa unaoelekea waridi, ukiona zambarau au bluu ni hewa pia. Skurubu za vile vioo vya kuakisi mwale vya mwisho wa tyubu, kama ziko, usiziguse.

Mwale wenyewe kwa skana za aina hii uko karibu miliwati 1, nanomita 632.8, haitoboi kitu lakini mtu asiuangalie kwa jicho, wala usipige kwa kitu kinachong'aa. Ile leza ya kwanza ya gesi hizi ya Ali Javan na wenzake pale Bell Labs mwaka 1960 ilikuwa infraredi, nyekundu hii ilikuja 1962. Na kuna kitu kalamu ya leza ya bei rahisi haiwezi kukupa: zima taa, ziba mwale, halafu wape wanafunzi kipande cha CD wautazame ule mwanga wa ubavuni mwa tyubu ukirudi kwenye CD. Wataona mistari ya neoni imepangana, nyekundu, chungwa, njano, na wewe hapo fundisha viwango vya nishati bila kuchora hata kimoja ubaoni.

Nitumie picha ya geta na ya lebo, nikuambie saplai ya kununua.