Je, utepe wa maandishi unawatosha viziwi wakati wa dharura?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni fundi mitambo katika kituo kidogo cha televisheni ambacho pia kina redio. Likitokea la dharura, tuseme mafuriko, tunakatiza kipindi, mtangazaji anasoma tangazo, na chini ya skrini tunapitisha utepe wa maandishi. Bosi wangu anasema hapo viziwi wameshapata haki yao. Lakini mtazamaji mmoja kiziwi ametuandikia kwamba aliona utepe na bado hakujua aende wapi. Kosa liko wapi? Na kwa kuwa fedha ni kidogo, tuanze na kipi?

Jibu: Kabla ya kununua chochote, tafuta rekodi ya tangazo lenu la mwisho, zima sauti kabisa, kisha itazame kama mtu aliyeingia sebuleni dakika ileile. Tepe nyingi nilizowahi kuziona husema hivi: "TAHADHARI: MAFURIKO. ENDELEA KUWA NASI KWA TAARIFA ZAIDI." Wakati huohuo mtangazaji anataja mto uliofurika, barabara iliyofungwa, shule ya kukimbilia na saa ya mwisho ya kuondoka. Utepe umebeba hofu, msaada wote umebaki kwenye sauti. Mtazamaji wenu amesema kweli.

Dawa yake haina gharama: maandishi yatangulie, sauti ifuate. Mhariri aandike nini kimetokea, wapi, watu wafanye nini, kabla ya saa ngapi, na nani ametoa agizo. Hayo yapande kwenye skrini, na mtangazaji asome hayohayo. Kama mamlaka ya maafa inawatumia tahadhari kwa CAP, kiwango cha kimataifa cha kuandikia tahadhari, basi nusu ya kazi imeshafanyika, kwa sababu CAP ina sehemu ya maelekezo iliyo mbali na sehemu ya maelezo na kichwa cha habari. Vituo vingi huchukua kichwa cha habari peke yake na kuyaacha maelekezo humohumo kwenye faili.

Halafu acheni kuyakimbiza maandishi. Kwa wengi waliozaliwa viziwi, lugha ya alama ndiyo lugha ya kwanza. Lugha inayoandikwa ni ya pili, na utepe haumngoji mtu arudie sentensi. Wekeni ukurasa mmoja uliotulia, herufi kubwa, ukae mpaka taarifa mpya ije.

Sasa jambo ambalo wewe kama fundi unaweza usilione kwa miaka. Utepe wenu umechomelewa ndani ya picha. Manukuu ya kipindi, yaani maandishi ya yale yanayosemwa ambayo mtazamaji huweza kuyawasha au kuyazima, kama mnayo, huchorwa na runinga ya mtazamaji juu ya picha hiyo, mara nyingi palepale chini. Vikikutana, hakuna kinachosomeka. Kwenye monita za chumba cha kurushia matangazo manukuu kwa kawaida huwa yamezimwa, kwa hiyo kwenu kila kitu ni safi. Wekeni hapo runinga ya kawaida, ya nyumbani, manukuu yakiwa yamewashwa saa zote. Mkiona yanagongana, pandisheni manukuu juu au punguzeni picha ipate kuacha nafasi.

Kuhusu manukuu ya mashine: yatumieni, ila yasiachwe peke yake. Hukosea zaidi kwenye majina ya mahali na tarakimu, yaani vitu vyenyewe ambavyo mtu anavihitaji. Na Kiswahili kina mtego wake. Mtangazaji aseme kwa haraka "msirudi majumbani", mashine imeze silabi mbili za kwanza, na mtazamaji asome "rudi majumbani". Awepo mtu wa kusahihisha, na ule ukurasa uliotulia ubaki ndio wa kutegemewa.

Nikija kwenye mkalimani wa lugha ya alama, tafadhali asiwe mfanyakazi "anayejuajua alama". Mwaka 2017, kimbunga Irma kikiikaribia Florida, mkutano mmoja wa maofisa ulitafsiriwa na mtu asiye na sifa, na viziwi waliokuwa wakitazama waliona maneno kama "pizza" na "majitu" katikati ya maelekezo ya kuhama. Mkipata kiziwi aliye mkalimani, ni bora zaidi: mwenzake anayesikia anasimama nyuma ya kamera na kumpa alama, naye anazitoa upya katika lugha yake ya kuzaliwa.

Kumpata ni hatua moja, kumwonyesha ni nyingine. Nimewahi kukaa studio usiku wa mafuriko, mkalimani akiwa kando ya ofisa, mzuri kabisa. Mwongozaji akaona picha za maji zinavutia zaidi, akazibandika skrini nzima. Dakika nne mkalimani alifanya kazi mbele ya ukuta. Ombeni mwongozaji amwekee mkalimani kisanduku chake kwenye skrini tangu mwanzo, kisiondoke hata picha zikibadilika. Kwa ukubwa, mwongozo wa Ofcom, msimamizi wa utangazaji nchini Uingereza, hutaka kisipungue moja ya sita ya picha, na mimi ningeongeza kidogo: mikono na uso vyote lazima vionekane.

Redio yenu nayo isiachwe. Kama mnarusha RDS, mfumo wa kutuma maandishi pamoja na matangazo ya FM, mna herufi 64 za kuonyesha kwenye kioo cha kipokezi. "ONDOKENI BONDENI SASA. NENDENI SHULENI MLIMANI. MSIVUKE MTO." inaenea na nafasi inabaki. Aliyelala, hata hivyo, hatazami kioo chochote. Yeye ataamshwa na simu inayotikisika kwa ujumbe unaorushwa na minara kwa simu zote za eneo, na hiyo ni kazi ya mamlaka na kampuni za simu. Nyinyi hakikisheni tu maneno yenu hayapingani na ya ujumbe huo.

Kwa fedha zenu, basi: maandishi kwanza, kwa sababu yanamfikia pia yule aliyepoteza usikivu uzeeni na hajui alama hata moja. Wanaofanana naye ni wengi kuliko wanaotumia lugha ya alama. Mkataba na wakalimani wawili ufuate mara moja, wenye namba za kupigiwa saa nane usiku, na usainiwe wakati huu ambapo hakuna mvua.

Na huyo mtazamaji mjibuni wiki hii. Mwalikeni mbele ya runinga, mrusheni tangazo la majaribio bila sauti, kisha aeleze aende wapi na kabla ya saa ngapi. Mlipeni kwa muda wake.