Unataka Lancia Aurelia B20? Uliza kwanza ni toleo la ngapi

Wadau, mtu kanitumia picha ya Aurelia B20, ile gari ya michezo ya zamani ya Kiitaliano ya kampuni ya Lancia, anataka nimwambie kama bei iko sawa, namuuliza toleo la ngapi, hajui. Sasa utajuaje bei?

Nafanya kazi gereji ya magari ya zamani hapa Torino, Italia, na hizi B20 nishalala chini yake sana tu. Kuanzia 1951 mpaka 1958 yalitoka matoleo 6, ukiyaangalia kwa mbali unaona gari ni ileile, ingia uvunguni sasa.

Ya kwanza ilikuwa lita 2, nguvu farasi 75 tu, lakini mwaka huohuo 1951 Giovanni Bracco akaingia nayo Mille Miglia, zile mbio ndefu za barabarani za Italia, akashika nafasi ya pili, aliyemshinda ni Ferrari yenye injini ya zaidi ya lita 4! Injini ni V6, yaani silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V, aliyoichora Francesco De Virgilio chini ya mhandisi mzee Vittorio Jano, ndo V6 ya kwanza duniani kutengenezwa kwa wingi, halafu klachi na giaboksi wakavipeleka nyuma vikae pamoja na difu, uzito ukagawanyika vizuri, gari ikipiga kona imetulia.

Ila utamu huo fundi anaulipia, na wewe unamlipa fundi. Breki za nyuma haziko kwenye rimu, zimejibana ndani ubavuni mwa difu, kwa hiyo kubadili lainingi ni kazi ya kutwa, na sili ikivuja oili inakwenda moja kwa moja kwenye breki. Chungulia hapo kabla hujasifia rangi.

1953 toleo la tatu likaja na lita 2.5, farasi 118. 1954 la nne wakabadilisha nyuma kote wakaweka ekseli ya De Dion, yaani bomba linalounganisha magurudumu mawili ya nyuma huku difu ikifungwa kwenye bodi, maana zile za mwanzo ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona mkia unaweza kukuponyoka. Mimi ningechukua hili la nne, ya baadaye yalizidi kuwa mapole, ya safari ndefu zaidi kuliko mbio.

Kitu kingine, na hiki kitawafurahisha watu wa nyumbani, steringi ilikuwa kulia kama zetu japo Italia wanaendesha upande wa kulia wa barabara, za kushoto kiwanda kilianza kuzitoa kwenye toleo la nne. Ukiletewa toleo la pili lina steringi kushoto, uliza nani kaihamisha na lini. Ukikuta mkono wa gia uko sakafuni usikutishe, original ni wa kwenye steringi ila wengi walifunga seti ya vifaa vya Nardi vya kuuhamishia chini enzi zilezile.

Mwisho kutu. Hii haina chesisi ya kujitegemea, bodi ndo chesisi, kwa hiyo pale chini ya milango pitisha sumaku taratibu, ikigoma kunasa hapo kuna puti, ile ya kuzibia mashimo kabla ya rangi, na puti haibebi gari.