Maswali ya Wasomaji: Majina ya Nyota Yalitoka Wapi?

SWALI: Katika ramani za anga naona makundinyota yakitajwa kwa majina ya Kilatini yenye visa vya Kigiriki, ilhali nyota nyingi angavu zilizomo, kama vile Aldebaran, Rigel na Deneb, zina majina ya asili ya Kiarabu. Mchanganyiko huo ulitokana na nini, na leo ni nani anayeyaidhinisha majina hayo?

JIBU: Kwa sehemu kubwa ulitokana na kitabu kimoja kilichopitia lugha tatu. Mnamo mwaka 150 hivi, Klaudio Ptolemaio, mtaalamu wa falaki aliyeishi Aleksandria nchini Misri, aliandika kwa Kigiriki kitabu kijulikanacho leo kama Almagesti, akaorodhesha humo nyota zaidi ya 1,000 katika makundinyota 48. Maumbo mengi hakuyabuni yeye, kwani Ng'ombe, Simba na Nge yalikwisha kujulikana kwa Wababeli karne nyingi kabla yake. Lakini nyota zenyewe, isipokuwa chache, hazikuwa na majina: alizieleza kwa kutaja kiungo cha umbo, kwa mfano nyota iliyo mkiani mwa ndege au iliyo kinywani mwa samaki.

Kitabu hicho kilipofasiriwa kwa Kiarabu katika karne ya 9, maelezo hayo ndiyo yaliyogeuka kuwa majina. Deneb ni dhanab, yaani mkia. Fomalhaut ni fam al-hut, kinywa cha samaki. Na Rigel ni rijl, mguu katika kundinyota la Orion, ambalo kwa Kiswahili huitwa Jabari.

Hata hivyo, Waarabu walikuwa na majina yao ya kale kabla ya kumsoma Ptolemaio, na mnamo mwaka 964 hivi Abd al-Rahman al-Sufi aliyakusanya mapokeo hayo mawili katika kitabu chenye michoro ya kila kundinyota. Miongoni mwa majina hayo ya kale ni Aldebaran, maana yake mfuasi. Anayetazama mashariki ataona Kilimia kikichomoza kwanza, kisha muda usiotimia saa moja nyota hiyo yenye wekundu huchomoza nyuma yake na kukiandama usiku kucha hadi machweo yao. Kwangu mimi hakuna jina la nyota linalolishinda hilo, kwa kuwa yeyote anaweza kulithibitisha kwa macho yake bila kujua kisa chochote.

Karne ya 12, Gerard wa Cremona aliifasiri Almagesti kutoka Kiarabu hadi Kilatini mjini Toledo, nchini Hispania, na wanakili wa Ulaya wakaendelea kuandika majina ya Kiarabu kadiri walivyoweza kuyasoma. Nyota Betelgeuse inaonyesha vizuri yaliyotokea. Kwa Kiarabu iliitwa yad al-jawza, mkono wa Jauza, umbo ambalo Waarabu wa kale waliliona palepale alipo Jabari. Herufi ya y mwanzoni mwa neno hutofautiana na b kwa nukta tu, mbili chini badala ya moja. Mtu akaisoma b, na kosa hilo likadumu hadi leo.

Anga ya kusini kabisa, ambayo Ptolemaio hakuweza kuiona, ilipata majina baadaye sana. Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille, aliyepima nyota kutoka Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751 na 1752, aliweka huko vyombo vya sayansi vya zama zake, ndiyo maana kuna Darubini, Hadubini na Saa.

Ama kuhusu mamlaka, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulikubali makundinyota 88 mwaka 1922, na mipaka yake ikachapishwa mwaka 1930. Majina ya nyota yalisubiri hadi mwaka 2016, kamati ya umoja huo ilipoanza kuidhinisha tahajia moja kwa kila nyota. Umoja huo hauuzi majina, kwa hiyo cheti cha nyota kinachouzwa na kampuni yoyote hakitambuliwi na wanaastronomia.