Soma Kwanza, Ndipo Ubonyeze Y

Wadogo zangu, mmeanza tena. Apt, inayosakinisha vifurushi (programu zilizofungashwa) kwenye Debian na ndugu zake, ikisema kufuli la dpkg, mtendaji wake wa chini, limeshikwa na mchakato mwingine, hamjavuta hata pumzi mshabandika amri mliyoiokota mahali: `sudo rm /var/lib/dpkg/lock-frontend`. Halafu hifadhidata ya vifurushi ikivurugika mnakuja na nyuso za msiba, mnasema Linux ina matatizo.

Faili lile lipo siku zote, kazi iwepo isiwepo. Kufuli lenyewe linatunzwa na kerneli, kiini cha mfumo, kwa niaba ya mchakato, na mchakato ukifa, kufuli linaachiliwa bila wewe kugusa chochote. Ukifuta faili hujafungua kitu. Umeruhusu michakato miwili iandike kwenye hifadhidata ileile kwa wakati mmoja. Mara nyingi anayelishikilia ni unattended-upgrades, anayeweka masasisho ya usalama kimyakimya, na ujumbe wenyewe unamtaja kwa jina na kwa namba. Mwacheni amalize. Kama mashine ilizimika katikati ya usakinishaji, dawa ni `sudo dpkg --configure -a`, kisha `sudo apt --fix-broken install` iwapo bado kuna malalamiko ya vitegemezi, yaani vifurushi vinavyohitajiwa na vingine.

Basi kwa kuwa nimeshakasirika, niyaseme na mengine.

1. Anzeni kwenye repo, ghala la vifurushi la mfumo wenu. Mliotoka Windows mna mkono mwepesi wa kufungua kivinjari na kutafuta kitufe cha kupakua. Debian 12, iliyotoka mwaka 2023, ina vifurushi zaidi ya 64,000, na apt hukagua saini ya repo kabla ya kuviamini. `apt search`, kisha `apt show`, ndipo muanze kuhangaika kwingine. Faili la .deb lililopakuliwa kwa mkono kwa kawaida halijisasishi, na kuna mengine yanayopachika repo yao ndani ya `/etc/apt/sources.list.d` bila hata kubisha hodi. Chunguleni humo mara mojamoja. Mtakuta PPA (repo za nje) za programu ambazo hata hamkumbuki zilifanya kazi gani.

2. `apt update` inasoma orodha tu. Inayosasisha programu ni `apt upgrade`. Hili sitalirudia.

3. Msichanganye matoleo. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoaibika.

Nilikuwa nimeshajiona fundi. Kulikuwa na dada mmoja kazini anayetumia Debian ya stable, toleo lililotulia, kwenye mashine yake, akahitaji programu ya kuhariri sauti, na iliyokuwa kwenye repo ilikuwa ya zamani, haina kipengele alichokitaka. Nikamwambia niachie. Nikaona sid, tawi la Debian ambalo bado linatengenezwa, lina toleo jipya, nikaongeza mstari mmoja wa sid kwenye `/etc/apt/sources.list`, nikafanya update, nikasakinisha. Apt ikaniambia, kwa ustaarabu kabisa, kwamba pamoja na programu hiyo italeta libc6 mpya, maktaba ya msingi ya C, na maktaba nyingine kadhaa. Nikakubali. Programu ikafunguka, dada akashukuru, mimi nikatembea kifua mbele.

Nilichokuwa sikijui ni hiki: kifurushi kilichojengwa kwenye toleo jipya hudai libc ya toleo hilo, na libc ndiyo inayoshikwa na karibu kila programu kwenye mashine. Na kile kimstari changu sikukitoa. Kama hukuweka pinning, yaani kuiambia apt ipendelee toleo lipi, apt inaipa stable na sid kipaumbele kilekile, 500, halafu inachagua yenye namba kubwa ya toleo. Yaani kuanzia saa ile mashine yote ilikuwa inasubiri tu kuhamia sid, na hakuna aliyeiomba.

Siku dada alipolalamika kwamba masasisho mengi yamezuiwa, nikaenda tena, bado ni fundi, nikaandika `apt full-upgrade`. Kumbukeni tofauti: upgrade ya kawaida haiondoi kifurushi, full-upgrade inaruhusiwa kuondoa. Orodha ikamwagika. Ya vitakavyosakinishwa ilijaza skrini, na juu yake kulikuwa na orodha nyingine, ya vitakavyoondolewa, nayo haikuwa fupi. Sikupandisha hata mara moja kuisoma. Nikaona `[Y/n]`, na kwa kuwa Y (ndiyo) ina herufi kubwa, yaani ndilo jibu la Enter, nikabonyeza Enter tu huku nikipiga soga. Ndani ya orodha ile kulikuwa na eneokazi lote, madirisha na menyu.

Mashine ilipowaka tena ikaleta skrini nyeusi na mahali pa kuandika jina la mtumiaji. Dada akaniuliza, "Kaka, ndiyo toleo jipya hili?" Sikuwa na jibu la maana. Nikafuta mstari wa sid nikidhani kila kitu kitarudi kilipotoka. Hakikurudi. Apt haishushi matoleo kwa hiari yake, Debian yenyewe haiungi mkono kushusha mfumo mzima, na libc6 huwezi kuing'oa ukaiweka upya huku kila amri unayoiandika inaitegemea. Kila kifurushi nilichojaribu kukirudisha kilidai kingine. Mwishowe nikawasha mashine kwa flashi, nikanakili `/home` yake kwenye diski ya nje, nikasakinisha Debian upya. Mafaili yake yote yalipona. Imani yake kwangu ilichukua muda zaidi, na hadi leo nikikaribia meza yake anafunika kibodi kwa mkono.

Dada huyo alihitaji programu moja tu mpya. Backports, repo ya ziada ya Debian, ingeweza kuwa nayo, maana huko vifurushi vipya hujengwa upya kwa maktaba za stable. Flatpak, njia nyingine ya kusakinisha programu, nayo huja na mazingira yake bila kugusa libc ya mfumo, ingawa diski italalamika kwa kujaa.

Msidhani ni mimi peke yangu. Mwaka 2021 mtu mmoja alikuwa anasakinisha Steam, programu ya michezo, kwenye Pop!_OS, Linux nyingine inayotumia apt, huku akijirekodi, kifurushi kilikuwa na kasoro, apt ikamwonya kwamba eneokazi litaondoka, ikamtaka aandike sentensi nzima, "Yes, do as I say!", kuthibitisha. Akaiandika. Eneokazi likaondoka. Mwaka huohuo apt ikabadilishwa, sentensi hiyo pekee haitoshi tena. Mnaona tumewatesa kiasi gani wanaoiandika hiyo programu?

4. `sudo pip install` (pip husakinisha maktaba za Python) hapana. Sehemu za mfumo zenyewe zimeandikwa kwa Python, nanyi mnazibadilishia maktaba chini ya miguu. Tangu Debian 12 pip inakataa, na nimewaona mnavyoipita kwa `--break-system-packages`, kana kwamba jina hilo halijasema kila kitu. Tumieni `python3 -m venv`, au pipx, zinazotenga maktaba zenu na za mfumo. Na anayetaka kuondoa python3 ya mfumo ili aweke mpya zaidi, tafadhali aniite kwanza nije nitazame.

5. Skripti ya `curl | sudo bash`, inayotoka mtandaoni na kuendeshwa papo hapo kwa mamlaka yote: pakua, ifungue kwa less (kisomaji cha maandishi), isome, ndipo uiendeshe.

6. `remove` inaacha mafaili ya mipangilio ya mfumo, `purge` inayaondoa, na hakuna hata moja inayogusa yaliyo ndani ya `/home`. Kuhusu autoremove, inayoondoa vifurushi visivyohitajiwa tena na vingine, mmoja wenu aliondoa programu moja asiyoipenda, ikaondoka na kifurushi-mama cha eneokazi, kisha autoremove ikaona vingine vimebaki yatima na ikaanza kuvipanga mlangoni. Huyo alisoma orodha kabla ya kukubali. Nilimkumbatia. `apt-mark manual` kwa vile unavyotaka vibaki, kazi imekwisha.

7. Kila mnachofanya kwa apt kinaandikwa kwenye `/var/log/apt/history.log`: tarehe, amri, vilivyoingia, vilivyotoka, hata nani aliyeomba. Kwa hiyo "sijagusa kitu" tuiache. Mkija kuomba msaada, leteni mistari ya mwisho ya faili hilo pamoja na ujumbe wa hitilafu wote, kama maandishi, si picha ya skrini iliyopigwa kwa simu na kukatwa mistari ya juu, kwa sababu kosa lenyewe mara nyingi limetajwa hukohuko juu.