Maswali na majibu: Jumamosi bila kununua kitu

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mtu afanye nini na muda wake wa mapumziko asiishie dukani? Tumechagua sita.

Kila Jumamosi mimi na wifi yangu tunapanda daladala kwenda Kariakoo "kuangalia tu". Tunarudi na vyombo, viatu, mapazia. Nikibaki nyumbani nachoka roho. Nifanyeje? (Dada wa Tandika, Dar es Salaam)

Dada, kinachokutoa nyumbani si mapazia. Unataka kutoka, kutembea, kuona watu na kupiga soga na wifi yako. Ukijifungia ndani ili kuokoa pesa umejinyima yote hayo, na Jumamosi ya pili utarudi Kariakoo kwa hasira. Kwa hiyo wifi abaki, nauli ibaki, badilisheni mwisho wa safari tu.

Nendeni baharini, lakini nendeni na hesabu ya mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji hupwa mbali sana, na miamba iliyokuwa imefunikwa hubaki wazi. Pwani ya Dar es Salaam, bamvua hufika chini kabisa mnamo saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata muda huo husogea mbele kwa kama dakika 50. Baada ya wiki moja huja maji mafu: bahari haiendi mbali na hakuna cha kuona. Tazama mwezi kabla ya kupanga, utapata kama Jumamosi mbili nzuri kila mwezi.

Fikeni saa tatu, Coco Beach au ng'ambo ya Kigamboni kwa pantoni, mfuate maji yanavyopwa. Kwenye vidimbwi vya miamba mtaona kaa, nyota za bahari, majongoo ya bahari, samaki wadogo waliobaki nyuma. Vaeni viatu vya zamani vyenye soli ngumu, kwa sababu miba ya bahari hupenya kandambili. Makombe yenye viumbe hai yaacheni palepale. Maji yakisimama tu, geukeni. Wageni wa pwani hukosea hapa: hutazama mbele, kumbe maji hurudi kwanza kwa mifereji iliyo nyuma yao.

Bebeni nauli taslimu na chakula cha nyumbani. Wenye pesa kwenye simu hulipa kabla hawajafikiri.

Mchana sina tatizo. Usiku nikilala natazama nguo Instagram, asubuhi nakuta nimeshaweka oda. (Msomaji, Arusha)

Simu ilale chumba kingine, nunua saa ya mezani ya kukuamsha kama ndiyo sababu unayojipa. Weka daftari mahali simu ilipokuwa. Kila kitu unachokitamani kiandike: tarehe, bei, na utakivaa wapi. Usikiagize kabla ya siku 30. Siku ya 30 ukisoma mstari huo na bado unakitaka, na pesa ipo, kinunue kwa amani. Mistari mingi utaifuta mwenyewe.

Halafu ipe mikono kazi, maana mikono mitupu ndiyo inayoitafuta simu. Kikapu cha nguo za kushona kinatosha: vifungo vilivyokatika, pindo zilizoachia, zipu iliyokwama. Zipu inayogoma isuguliwe kipande cha mshumaa meno yote, juu na chini. Kama inafunga kisha inafunguka nyuma ya kitelezi, meno hayana kosa. Kitelezi kimepanuka. Kibane kidogo kwa koleo upande mmoja, kisha wa pili, ujaribu. Ukikibana kwa nguvu mara moja kinavunjika.

Tuko vijana wanne, jioni tunazungukazunguka madukani kwa kukosa la kufanya. Mzee wa mtaani alikuwa anacheza bao, sisi hatujui, na bao la mbao ni ghali. Tuanzie wapi? (Kijana wa Morogoro)

Swali zuri kuliko yote tuliyopata mwezi huu. Bao la kuanzia halihitaji mbao. Trei moja la mayai 30 lina mashimo 5 kwa 6. Kata safu moja ubaki na 4 kwa 6, yaani mashimo 24. Kutoka trei la pili kata kipande cha 4 kwa 2, mashimo 8. Viunge kwa gundi juu ya boksi gumu: umepata safu 4 za mashimo 8, jumla 32. Kete ni 64. Mbegu za ukwaju ni nzuri, hazivunjiki. Kunde ni ndogo mno, utashika mbili ukidhani ni moja, na mchezo mzima utaharibika.

Msianze na bao kuu. Anzeni na bao la kujifunza: kila shimo kete 2, zote zikiwa mezani. Safu mbili zilizo upande wako ni zako, ya mbele na ya nyuma. Kete zako huzunguka humo humo, kushoto au kulia, hazivuki kwenda kwa mpinzani.

Zamu yako, chagua shimo lenye kete 2 au zaidi, zichukue zote, uzigawe moja moja kwenye mashimo yanayofuata. Angalia ya mwisho imeangukia wapi. Ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu imekwisha. Ikiangukia shimo lako la mbele lenye kete, na shimo la mpinzani linalokabiliana nalo lina kete, umekula. Chukua kete zake zote uzigawe kwenye safu yako ya mbele kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho la pembeni. Ulikuwa ukielekea kulia, anzia kichwa cha kushoto. Ulikuwa ukielekea kushoto, anzia cha kulia. Isipokuwa umekula kwenye mojawapo ya mashimo mawili ya pembeni, kichwa au kimbi, yaani shimo lililo jirani na kichwa: hapo unaanzia kichwa kilicho karibu, hata kama mwelekeo utageuka. Ikiangukia shimo lenye kete lakini hakuna cha kula, chukua zote zilizomo uendelee kugawa.

Kuna sheria mbili ambazo wanaoanza husahau, kisha hugombana. Ya kwanza: kama unaweza kula, lazima ule. Ya pili: kama zamu imeanza bila kula, hiyo inaitwa kutakata, na huwezi kula chochote katika zamu hiyo hata kete ya mwisho ikiangukia pazuri namna gani. Unatakata kutoka safu ya mbele. Ya nyuma hutumika tu kama mbele hakuna shimo lenye kete 2. Anayebaki na safu ya mbele tupu ameshindwa, na vilevile anayekosa shimo lenye kete 2 la kuchezea.

Kosa la kiufundi la wiki za mwanzo ni kurundika kete mbele. Zinapendeza machoni, lakini ndizo zinazoliwa. Mchezaji anayeficha kete nyuma na kuzileta mbele kwa wakati wake humchosha mwenzake.

Mkishaizoea hesabu, ingieni bao kuu. Hapo mnaanza na kete 10 tu mezani kila mmoja: 6 kwenye nyumba, ambayo ni shimo la tano la safu ya mbele ukihesabu kutoka kushoto kwako, na 2 kwenye kila moja ya mashimo mawili yanayofuata kulia. Zilizobaki 22 ziko mkononi, mnaziingiza moja moja. Hatua hiyo ni kunamua, na zikiisha mkononi ndipo mtaji, hatua ya pili, huanza. Sheria za nyumba hazijifunzwi vizuri kwa kusoma. Sasa ndipo mmfuate yule mzee, mkiwa mmeshajua kugawa, mumwombe akae nanyi jioni moja. Mpeni shikamoo yake na kiti kizuri, hamtalipa zaidi ya hapo.

Mko wanne, bao ni la wawili. Wawili wengine wachore drafti kwenye boksi, 8 kwa 8, kete 12 kila upande kwa vifuniko vya soda: mmoja vimetazama juu, mwingine vimelala.

Likizo ya shule imefika. Watoto wanataka kupelekwa kununuliwa midoli kila siku. Nyumbani tuna uwanja na upepo mwingi. (Mama wa watatu, Tanga)

Mama, upepo ulionao hauuzwi. Watengeneze tiara. Chomoa chelewa kutoka fagio. Moja haina nguvu, kwa hiyo unganisha mbili mbili, ncha nene ya moja ikikaa na ncha nyembamba ya nyingine, ili uzito uwe sawa pande zote. Kata mti wa wima sentimita 50 na wa kukingama 35, uzifunge msalaba sentimita 12 kutoka juu. Zungusha uzi kwenye ncha nne, ulaze juu ya gazeti, ukate ukiacha sentimita 2 za kukunja. Gundi ni kijiko kimoja cha unga wa ngano kwa vijiko vinne vya maji, ipikwe mpaka iwe nzito. Ikauke kabisa kabla ya kurusha; karatasi yenye unyevu huchanika hewani.

Funga uzi wa sentimita 70 kutoka ncha ya juu hadi ya chini ya mti wa wima, upande wa karatasi, na juu ya uzi huo funga fundo la kuvutia, juu kidogo ya pale vijiti vinapokatana. Mkia ni vipande vya nguo kuukuu, mita 2 na nusu. Ikizunguka kama pia, mkia ni mfupi, ongeza sentimita 30. Ikivuta kwa nguvu lakini haipandi, sogeza fundo juu sentimita 1. Ikianguka upande uleule kila mara, kijiti cha kukingama hakiko katikati.

Wasirushe karibu na nyaya za umeme, na ikinasa huko iachwe. Watoto wakubwa wapeni kazi ya kupima na kufunga, wadogo mkia. Kazi yenyewe inakula asubuhi nzima, kurusha ni jioni.

Naishi Muscat. Kiangazi huku hakutokeki, Ijumaa sote tunaishia kwenye maduka makubwa kwa sababu ya kiyoyozi. Bibi yangu Unguja alikuwa anashona kofia. Naweza kujifunza? (Msomaji, Omani)

Unaweza, na uko mahali pake: kofia ya Omani na kofia ya vitobo ya Unguja ni ndugu. Ni kazi ya ndani, ya kukaa na watu mkizungumza, na kofia moja huchukua wiki nyingi, hata miezi. Gharama ni kitambaa, uzi na sindano.

Nunua pamba nyeupe iliyofumwa kwa kubana. Ifue na kuipiga pasi kabla ya kukata, la sivyo kofia itamtosha mtu mpaka siku ya kwanza ya kufuliwa. Pima kichwa juu ya masikio. Wanaume wengi wazima ni kati ya sentimita 55 na 60. Mkanda wa pembeni uwe na urefu huo pamoja na sentimita 2 za mshono, na duara la juu likatwe kulingana nao.

Lakini usianze na kofia. Chukua kipande cha sentimita 10 kwa 10, nguo mbili zikiwa zimeshikizwa pamoja, uchore nukta kwa penseli ya kuosheka, zikiwa na nafasi ya nusu sentimita. Tundu litobolewe kwa sindano nene inayosukuma nyuzi pembeni. Ukikata kwa mkasi litafumuka kwenye maji. Kisha lizungushe mishono 8 hadi 10 ukivuta kwa mkazo uleule. Mishono iliyolegea hufunga tundu, iliyokazwa mno hukunja nguo. Matundu 50 yakitoka sawa, ingia kwenye mkanda. Osha mikono kila unapokaa, kwa kuwa jasho huacha rangi ya manjano ambayo pasi huikaza. Kama bibi yuko hai, mpigie simu ya video kipande kikiwa mkononi. Ataona kosa kabla hujamaliza kulieleza.

Msomaji wa Mwanza ametuandikia kwamba kila burudani anayoianza inageuka ununuzi. Ameshanunua vyungu na mbolea za chupa na mchicha wake umekufa. Kaka, tumia kiroba kimoja cha kilo 50, debe 2 za udongo, debe 1 ya samadi iliyooza kabisa, na nguzo ya kokoto katikati ya kushusha maji. Samadi mbichi huunguza mizizi, na tunadhani hizo chupa ndizo zilizoua mchicha. Changanya kijiko cha mbegu na vijiko 10 vya mchanga, nyunyiza juu, mwagilia asubuhi. Wiki ya tatu au ya nne kata, ukiacha shina la vidole vitatu lichipue tena. Mpaka umekata mara mbili, usinunue kifaa kingine chochote.