Barua kwa Mwanangu Anayekwenda Kufundisha Walimu wa Sanaa

Mwanangu,

Barua yako tumeipata. Baba yako ameisoma kwa sauti, akikwama kila mstari wa tatu, maana anasema mwandiko umeuchukua kwangu. Tumefurahi kwamba chuo kimekukabidhi hao wanachuo wanaosomea ualimu wa sanaa, wa watoto wadogo na wa vijana kwa pamoja, kazi ambayo si nyepesi. Na umeniuliza swali fupi: saa ni chache, sasa uanze kwa kuwafundisha wao wenyewe kuchora, kwa kuwa wengi wamekuja mikono mizito, au uanze na makuzi ya mtoto, ili wajue wa miaka minne anachora nini na wa miaka kumi na minne anachora nini?

Nitakujibu. Kwanza niambie, hicho chumba mlichopewa kina bomba la maji?

Usicheke. Najua dada yako angekuwepo angemalizia mwenyewe, kwa sauti yangu kabisa: "Somo la sanaa huharibikia kwenye ndoo ya maji." Nilisema hivyo miaka yote ya kazi na bado nasema. Mwanachuo anakuja na andalio la somo safi, malengo yamenyooka, picha za mfano zimebandikwa, halafu hajajiuliza watoto arobaini watasuuzia wapi brashi. Robo saa haijaisha, maji yote ni kahawia. Mtoto anachovya kwenye manjano, linatoka tope. Anachovya kwenye nyekundu, tope. Kengele ikilia kuna picha arobaini za rangi moja, na mwalimu anatoka akilalamika kwamba darasa hili halina ubunifu. Ubunifu walikuwa nao. Walikosa maji safi na kitambaa cha kufutia brashi.

Ndiyo maana nilikuwa nawalazimisha wanachuo wafanye zoezi zima wao wenyewe usiku wa kuamkia somo, kwa karatasi ile ile, brashi ile ile na gundi ile ile atakayopewa mtoto, si kwa vifaa vyao vizuri vya chuoni. Karatasi ya daftari ikilowa hukunjamana kisha huchanika. Mkasi butu haukati kadibodi. Kuna gundi ambayo kipindi kinakwisha haijashika. Hayo huyakuti kwenye vitabu vya saikolojia. Na usidanganyike na lile zoezi la wanachuo kufundishana wao kwa wao, mmoja akiwa mwalimu na wengine wakijifanya watoto. Lina faida ya kumzoesha mtu kusimama mbele. Lakini mtu mzima anayejifanya mtoto hamwagi maji, hatafuni krayoni, wala hamwambii jirani yake kwamba mama aliyemchora anafanana na popo.

Haya, makuzi. Wafundishe, sijasema usiwafundishe. Viktor Lowenfeld, mtaalamu wa elimu ya sanaa, aliyapanga vizuri mwaka 1947: kwanza mikwaruzo ya mtoto wa miaka miwili, baadaye vile vichwa vyenye miguu visivyo na tumbo, kisha kuanzia miaka saba hivi mtoto anakuwa na mtu wake, mti wake na nyumba yake, na anavirudia bila kuchoka, halafu akifika tisa au kumi anaanza kutaka mchoro ufanane na kitu chenyewe, na usipofanana anaukunja. Hapo ndipo wengi huacha kuchora maisha yao yote. Mpango huo hauna ubaya. Ubaya unakuja mwanachuo akiukariri kwa ajili ya mtihani, kwa sababu akiingia darasani anamtazama mtoto ili ajue amtie kwenye kisanduku kipi, na akishamtia hamtazami tena.

Wewe ndiwe uliyenifundisha kumwamini Luquet. Georges-Henri Luquet, Mfaransa, aliandika mwaka 1927 kwamba mtoto mdogo huchora anachokijua, si kile anachokiona kutoka pale alipokaa. Nilikuwa nikiwaeleza wanachuo hayo kwa maneno tu, mpaka ulipochora ile treni kwa mkaa kwenye ukuta wa ukumbini. Abiria wote wanaonekana ndani ya behewa kana kwamba bati halipo, na miguu yao mpaka viatu. Magurudumu umeyalaza pande zote mbili za reli, haya kulia na haya kushoto, kwa sababu ulijua yapo pande mbili na hukukubali kuyanyima nafasi. Baba yako alishashika brashi ya chokaa. Nikasimama mbele ya ukuta. Ugomvi ule mnaukumbuka wote, na treni ilikaa pale mpaka tulipohama. Nilileta wanachuo waje kuiona. Mmoja akakuuliza, "Hiki ni nini?" Ulimtazama kwa huruma, ukaondoka zako.

Basi wazoeze kutouliza hivyo. Waseme, "Nisimulie." Au wataje wanachokiona: hapa umekandamiza penseli sana, huku umeacha wazi. "Nzuri sana" haimfikishi mtoto popote. Anajua na aliyekaa naye ameambiwa hivyo hivyo.

Lakini nilitaka hasa kukuandikia habari za yule binti aliyekaa kwetu likizo moja, aliyewafundisha kukata nyota za karatasi. Mlikuwa wadogo, hamkujua kwa nini alikuwa mkimya vile. Alikuwa ametoka kwenye mazoezi ya kufundisha.

Walimpa darasa la vijana wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, umri mgumu kuliko wote kwa mwalimu wa sanaa, maana wameshaamini kwamba hawajui kuchora. Akawaambia kila mmoja avue kiatu kimoja, akiweke mezani, akichore bila kuangalia karatasi hata mara moja. Jicho litembee taratibu kwenye ukingo wa kiatu, na penseli ilifuate kwa mwendo ule ule. Ni mbinu ya zamani, Kimon Nicolaides, mwalimu wa kuchora wa Kimarekani, aliisomesha sana. Michoro hutoka imepinda kama nini, darasa zima linacheka, na kwa kuwa imepinda ya kila mtu hakuna anayeona haya. Kisha akawapa karatasi ya pili, safari hii waangalie wanachochora.

Nyuma kabisa kulikuwa na kijana aliyefuta akafuta mpaka karatasi ikatoboka. Akaliziba tundu kwa kiwiko. Binti akamwona. Hakumpa karatasi nyingine, na penseli ya yule kijana hakuigusa. Alivuta kiti, akavua kiatu chake mwenyewe, akaanza kukichora kwenye karatasi yake, huku akisema polepole: soli inaanzia hapa, inapanda kidogo, huku imelika kwa sababu nakanyagia upande. Mchoro wake wala haukuwa wa ajabu. Yule kijana akamsikiliza, akageuka kukitazama kiatu chake. Kilikuwa kimetoboka kwenye kidole gumba. Akaondoa kiwiko, akachora kiatu kizima kulizunguka lile tundu la karatasi, tundu likaangukia mahali pake hasa. Mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka pale, na nakwambia, sijaona somo zuri kuliko lile.

Mtathmini aliyetoka nje ya chuo alikuwa kando yangu na fomu yake. Akaandika: ubao haukutumika, darasa halikuulizwa maswali, mwalimu ameketi. Hilo la mwisho alilipigia mstari. Ameketi! Akamwangusha. Nilimfuata mpaka nje nikiwa na karatasi ya yule kijana mkononi, nikamwomba aitazame tu. Akaishika, akaigeuza nyuma na mbele, akanirudishia. "Mwalimu," akasema, "hii imetoboka."

Miaka yote hii, nikikumbuka sauti ile damu inanipanda. Nilibishana kwenye kikao, alama hazikubadilika. Binti akarudia mazoezi mwaka uliofuata, akasimama kipindi chote, akajaza ubao kuanzia kona hii hadi ile, akafaulu.

Sasa baba yako, ambaye anasoma begani mwangu bila kualikwa, anasema niandike na upande wa pili. Haya. Wakati binti ameketi na kijana mmoja, nusu ya darasa walikuwa wamemaliza na viatu vilishaanza kuruka. Kengele ililia hakuna aliyeangalia kazi ya mwenzake wala kusema neno juu yake, na hayo mazungumzo ya mwisho ndiyo yanayomfundisha kijana kuona. Michoro ilikusanywa harakaharaka, mingine ikakanyagwa, mingi haikuwa na majina. Mwenye watoto arobaini hawezi kukaa na mmoja kwa muda ule. Kwa hiyo mtathmini alikuwa na hoja. Kilichoniuma ni kwamba hoja hiyo hata yeye hakuijua. Alichokiona ni kiti.

Na hilo la majina usilipuuze. Friedl Dicker-Brandeis, aliyesoma Bauhaus, ile shule ya sanaa ya Ujerumani, chini ya mwalimu Johannes Itten, alifungiwa na Wanazi katika geto la Terezín, huko Cheki, na humo humo akawa anawafundisha watoto kuchora. Walitumia karatasi yoyote iliyopatikana, hata migongo ya fomu za ofisi. Aliwaanzishia na mazoezi ya mdundo na pumzi aliyoyapata kwa Itten, na alitaka kila mtoto atie jina lake. Mwaka 1944 alipelekwa Auschwitz, akauawa huko. Nyuma yake ilibaki michoro kama 4,500 iliyokuwa imefichwa kwenye masanduku mawili. Wengi wa watoto wale hawakupona, lakini michoro inajulikana ni ya nani. Nilikuwa nawasimulia wanachuo habari hiyo mapema, kabla hawajashika rangi, na baada ya hapo sikuhitaji kumkumbusha mtu kwamba kazi ya mtoto si takataka za kufutia meza.

Nirudi kwenye kuchora, maana naona nimekukimbia. Je, mwalimu wa sanaa anaweza kuwa asiyejua kuchora? Yule binti hakuwa hodari, na umeona. Lakini kijana wa miaka kumi na mitano anapokuuliza mkono unachorwaje, au kwa nini barabara inasinyaa ikienda mbali, ukamjibu "jieleze tu upendavyo", umemtupa. Anataka kuonyeshwa, na ana haki ya kuonyeshwa. Franz Cižek, mwalimu wa sanaa, alipoanzisha darasa lake la watoto Vienna mwaka 1897, alisema mtoto aachwe achote kutoka ndani yake, na walimu wakatoka nchi za mbali kuja kustaajabu. Ila zitazame kazi za darasa lile zikiwa zimepangwa pamoja. Zinafanana mno mtindo. Sasa sijui walikuwa wakichota ndani ya nani.

Lowenfeld naye hakutaka mtoto anakili, na vile vitabu vya kupaka rangi alivichukia kabisa. Kwa vile vitabu niko naye. Kwa kunakili, nasita. Miaka ya 1970 watafiti Brent na Marjorie Wilson walionyesha kwamba watoto wanajifunza kuchora kwa kuazima kutoka kwa wenzao, kaka zao, katuni wanazosoma. Ukweli ni kwamba farasi wako wote walikuwa farasi wa dada yako, na mpaka leo wana shingo ile ile. Je, wamekudhuru? Hapana. Je, ningekubali mwanachuo aingie darasani na farasi mmoja ubaoni, watoto arobaini wamnakili, kisha abandike ukutani farasi arobaini na kuviita vipaji? Huyo ningemwangusha mimi mwenyewe, akiwa amesimama au ameketi.

Basi, kuchora au makuzi? Baba yako anasema nisikupe jibu, kwa sababu wewe ndiwe unayewaona nyuso zao. Nimemkubalia shingo upande. Sisemi. Ila ningekuwa mimi, siku ya kwanza ningewauliza kila mmoja aliacha kuchora akiwa na umri gani, na nani alimwambia nini. Utashangaa ni wangapi wanakumbuka maneno yenyewe. Kisha ningempa kila mmoja mtoto mmoja wa kumfuatilia muhula mzima, akusanye michoro yake yenye tarehe, aandike nyuma yake maneno ambayo mtoto alisema akichora, na kila wiki yeye mwenyewe achore kitu kile kile alichochora mtoto, kwa penseli ile ile. Kuchora na makuzi yangekutana humo, wala usingelazimika kuchagua. Lakini nimesema sisemi.

Jambo moja tu nakuomba. Siku idara ikikuletea fomu ya kutathmini mazoezi ya kufundisha, usiitie saini kabla hujanitumia nakala. Nataka kuona kama bado wana mahali pa kuandika kwamba mwalimu ameketi.

Dada yako anakusalimu.

Ni mimi mama yako.