Visa ya kazi Uingereza imekataliwa: rufaa au kuomba upya?

Pole sana dada kwa kunyimwa visa ya kazi ya Uingereza, nawe unauliza ukate rufaa au uombe upya. Kwanza, visa hiyo ya Skilled Worker (ya mfanyakazi mwenye ujuzi anayedhaminiwa na mwajiri) haina rufaa ya mahakamani. Kilichopo ni kuomba uamuzi upitiwe upya na afisa mwingine. Ukiwa nje ya Uingereza una siku 28 tangu upokee uamuzi, ada ni pauni 80, unajaza mtandaoni. Aliye ndani ya nchi ana siku 14 tu.

Sasa rudi kwenye barua ya kukataliwa, aya ya sababu. Unasema wamekukatalia kwa kuwa hukuonyesha pauni 1,270 zilizokaa benki siku 28 mfululizo. Je, mwajiri alithibitisha kwenye cheti cha udhamini (hati anayokutolea ili uombe visa) kwamba atagharamia maisha yako mwezi wa kwanza? Usikubali kuambiwa tu "ndiyo, tuliweka". Mwombe nakala, uione kwa macho yako. Ikiwa ahadi hiyo ipo, afisa kakosea kukudai pesa hizo: peleka ombi haraka na uitaje sehemu hiyo waziwazi.

Ikiwa haipo, pauni 80 zako zitaenda na maji. Taarifa mpya ya benki kwa kawaida hawaiangalii, wanapima vile ulivyotuma mwanzo. Hapo ni kuomba visa upya, na mwajiri atoe cheti kingine, kwani kile kimeshatumika. Mwambie leo, kinamgharimu pesa na huenda akahitaji kibali cha wakubwa.

Usifanye yote mawili kwa pamoja, maana ukituma ombi jipya, lile la kupitiwa upya linahesabiwa umeliondoa.